Bi. Harriette Chick: mwanamke aliyeonyesha dawa ya matege

Akina mama na walezi hapa Ufukoni na vijiji vya pwani ya Mtwara hutuuliza: mtoto mwenye miguu iliyopinda achomwe sindano ya vitamini D? Jibu fupi ni hili: sindano ipo na ina kazi yake, lakini watoto wengi wenye matege hupona kwa dawa ya kunywa, jua na chakula, na hakuna anayepaswa kuchomwa kwa kukisia. Jibu refu linaeleweka vizuri zaidi ukiyajua maisha ya Bi. Harriette Chick, mtafiti aliyesaidia dunia kujua matege yanatoka wapi na yanatibiwaje.

Msichana aliyesomeshwa

Harriette Chick alizaliwa London, Uingereza, tarehe 6 Januari 1875, katika familia kubwa ya Wamethodisti. Baba yake, Samuel Chick, alikuwa mfanyabiashara wa lesi. Wakati ule familia nyingi hazikuona faida ya kumsomesha binti hadi chuo kikuu, lakini Mzee Chick na mkewe waliwasomesha mabinti zao. Harriette alisoma University College London, kisha akajikita katika uchunguzi wa bakteria.

Mwaka 1905 aliomba nafasi katika Taasisi ya Lister ya London, kituo cha utafiti wa kuzuia magonjwa. Wafanyakazi wawili walimsihi mkurugenzi asimpokee kwa sababu ni mwanamke. Mkurugenzi, Charles Martin, alimpokea hata hivyo, na Bi. Harriette akafanya kazi pale kwa miaka 40.

Kazi yake ya kwanza kujulikana ilihusu dawa za kuua vijidudu. Mwaka 1908 alieleza kwamba vijidudu havifi vyote kwa mara moja. Hupungua kidogo kidogo, kulingana na muda na nguvu ya dawa. Ndiyo maana hadi leo muuguzi anapoloweka vifaa kwenye dawa huangalia saa.

Vita Kuu ya Kwanza ikamhamishia kwenye lishe. Askari wa Uingereza waliokuwa mbali na kwao walipata kiseyeye na beriberi kwa kukosa vyakula fulani. Bi. Harriette na wenzake walipima chakula kimoja baada ya kingine na kuonyesha kipi kinakinga na kipi kinasifiwa tu. Kwa mfano, juisi ya ndimu waliyokuwa wakipewa mabaharia ilikuwa na nguvu ndogo dhidi ya kiseyeye kuliko juisi ya limau. Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kazi: kupima kwanza, kuamini baadaye.

Watoto wa Vienna

Vita vilipokwisha, mji wa Vienna, Austria, ulikuwa na njaa. Maziwa na mafuta vilikuwa haba, na majira ya baridi huko ni marefu na jua ni dogo. Watoto wengi walikuwa na matege: mifupa laini inayopinda, vifundo vya mikono vipana, vinundu kwenye mbavu kama shanga, utosi unaochelewa kufunga.

Mwaka 1919 Bi. Harriette alitumwa huko akiwa na wenzake wanawake, miongoni mwao daktari Mwaustralia Elsie Dalyell, daktari Helen Mackay na mtafiti Margaret Hume. Walifanya kazi katika hospitali ya watoto ya Profesa Clemens von Pirquet. Profesa mwenyewe aliamini kwamba matege ni ugonjwa wa kuambukiza. Wengine walisema ni hewa chafu, wengine wakasema ni kurithi. Hata hivyo aliwapa wodi, wauguzi na ruhusa ya kufanya uchunguzi wao.

Waligawa watoto wachanga katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa chakula cha kawaida cha hospitali. Jingine lilipewa maziwa kamili pamoja na mafuta ya ini la samaki aina ya kodi. Kila mtoto alipimwa uzito, akapigwa picha za eksirei na kufuatiliwa kwa miezi. Majira ya baridi yalipofika, matege yalijitokeza kwa baadhi ya watoto wa kundi la kwanza. Waliopata mafuta ya samaki hawakuugua. Majira ya joto, jua lilipokuwa kali na watoto wakitolewa nje, makundi yote mawili yalikuwa salama.

Kisha wakawageukia watoto waliokuwa tayari wagonjwa. Wengine walipewa mafuta ya samaki, wengine wakamulikwa kwa taa maalumu yenye miale kama ya jua, wengine wakawekwa nje juani. Picha za eksirei zilionyesha mifupa ikipona kwa njia zote tatu. Njia zilikuwa tofauti, lakini tiba ilikuwa ile ile: kitu kilichomo kwenye mafuta ya ini la samaki, ambacho ngozi nayo hukitengeneza ikipata jua. Mwaka 1922 watafiti wa Marekani walikitenganisha na vitamini A, na kikaitwa vitamini D. Taarifa kamili ya kazi ya Vienna ilitolewa mwaka 1923.

Kutoka upungufu hadi kuzidisha

Bi. Harriette aliendelea na utafiti wa lishe hadi alipostaafu mwaka 1945. Mwaka 1941 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Lishe cha Uingereza, na mwaka 1949 alipewa cheo cha heshima cha Dame. Katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iligawa mafuta ya ini la samaki kwa watoto wadogo, na matege yakapungua sana.

Lakini aliishi pia kuona upande wa pili. Katika miaka ya 1950 baadhi ya watoto wachanga Uingereza walikutwa na kalsiamu nyingi mno kwenye damu. Hawakutaka kula, walitapika, hawakuongezeka uzito. Vitamini D ilikuwa imeongezwa kwenye maziwa ya unga na kwenye uji wa watoto, na juu yake wakanyweshwa mafuta ya samaki. Mwaka 1957 serikali ikapunguza viwango. Kitu kile kile kilichookoa mifupa ya watoto kilikuwa kinaweza kuwadhuru kikizidi.

Bi. Harriette Chick alifariki tarehe 9 Julai 1977, akiwa na umri wa miaka 102.

Mbona kwetu jua lipo na matege yapo?

Huku kwetu jua tunalo mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakishinda nje, na ukakuta wana vitamini D ya kutosha kabisa. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole kuliko nyeupe, lakini jua letu linatosha, mradi lifike kwenye ngozi. Mtoto anayefungwa ndani siku nzima, au anayetolewa nje akiwa amefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, jua halimfikii.

Sababu ya pili, ambayo watu wengi hawaijui, ni kukosa kalsiamu. Vitamini D husaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula. Kama kwenye chakula haimo, vitamini D haina cha kuchukua. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji wa sembe mtupu au muhogo mtupu anaweza kupata matege hata akicheza juani kila siku. Sisi watu wa pwani tuna bahati ya dagaa. Dagaa wakisagwa wazima na mifupa yao wakatiwa kwenye uji au mboga, mtoto anapata kalsiamu. Maziwa nayo ni mazuri yakipatikana.

Mama, kumbuka pia kwamba si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Watoto wengi huwa na miguu ya kupinda kidogo hadi karibu na miaka miwili, kisha hunyooka wenyewe. Mpeleke mtoto akapimwe ikiwa mguu unazidi kupinda, mmoja umepinda kuliko mwingine, mtoto amechelewa kutembea, au vifundo vyake vya mikono vimekuwa vipana.

Sindano inatumika lini?

Kwa kawaida matege hutibiwa kwa matone au vidonge vya vitamini D kila siku kwa wiki 12 au zaidi, pamoja na kalsiamu. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana mwaka 2016 kwamba dawa ya kunywa ndiyo ya kwanza kufikiriwa, maana mwili huipata haraka kuliko ile ya sindano inayokaa kwenye msuli na kutoka polepole.

Daktari anaweza kuchagua sindano kama utumbo wa mtoto haufyonzi dawa, kwa mfano kwa ugonjwa wa muda mrefu wa utumbo au ini, au kama haiwezekani kabisa kunywa dawa kila siku. Kabla ya hapo atataka vipimo vya damu na picha ya eksirei. Yapo matege yanayotokana na figo au kurithi, na hayo hayaponi kwa vitamini D ya kawaida peke yake.

Kwa nini usinunue ampuli dukani na kumtafuta mtu wa kuchoma? Hesabu mwenyewe. Kinga ya mtoto mchanga ni yuniti 400 kwa siku. Ampuli moja ya yuniti 300,000 ni sawa na kinga ya siku 750, yaani zaidi ya miaka miwili. Ikishaingia haitoki. Akichomwa nyingine mwezi unaofuata, na nyingine tena kwa kuwa mguu bado haujanyooka, kalsiamu hupanda kwenye damu na figo zinaweza kuharibika. Mfupa hunyooka polepole, kwa miezi mingi. Kuongeza sindano hakuuharakishi.

Ukifika nyumbani leo

- Endelea kunyonyesha. Mtoto asipewe chochote zaidi ya maziwa ya mama hadi miezi sita, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, hivyo uliza kliniki kama mwanao anahitaji matone.
- Mtoe mtoto nje asubuhi kwa muda mfupi, mikono na miguu ikiwa wazi. Asiungue.
- Mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani. Ngozi yake inahitaji kulindwa, na vitamini D atapangiwa na daktari.
- Baada ya miezi sita, tia unga wa dagaa kwenye uji wake.
- Kama mtoto amewahi kuchomwa vitamini D, andika jina la dawa, kiasi na tarehe kwenye kadi ya kliniki.
- Aliyepewa vitamini D akianza kutapika, kukosa choo, kukojoa sana, kuwa na kiu isiyoisha au kukataa kula, acha dawa na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Mtoto mwenye matege akipata degedege, ni dharura. Huenda kalsiamu imeshuka kwenye damu. Sindano ya vitamini D haitazuia degedege hiyo, wala usingoje asubuhi. Mwahi hospitali, na uwaambie mapema kwamba ana matege.

Kwa uchunguzi anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika eksirei au vipimo vya damu, utaandikiwa rufaa kwenda Ligula. Nenda na kadi ya mtoto.