Tippu Tip na Kanzu Nyeupe

Zamani, kabla ya kuwako mji mkubwa wa Kisangani, watu wengi wa msituni walivaa nguo za magome ya miti yaliyopondwapondwa. Kule Maniema watu walifuma nguo kwa nyuzi za majani ya mwale. Nguo hizo ziliitwa viramba, nazo zilitumika pia kama fedha. Kanzu haikujulikana. Kanzu na kofia ya kushonwa vililetwa na wageni, na mkubwa wa wageni hao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Watu wote walimwita Tippu Tip, na wengi husema kwamba jina hilo ni mlio wa bunduki zake.

Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Ukoo wa baba yake ulitoka Oman, lakini alikuwa na damu ya Kiafrika pia. Huko Unguja kushona kulikuwa kazi ya heshima. Fundi alikata kitambaa cheupe, akashona kanzu ndefu mpaka miguuni, kisha akatarizi shingo yake kwa uzi wa hariri. Kofia ilitaka subira zaidi. Ilishonwa kwa sindano, tundu dogo baada ya tundu dogo, mpaka maua yakaonekana. Kofia moja iliweza kuchukua wiki nyingi.

Tangu ujana wake Tippu Tip alifanya biashara pamoja na baba yake. Baadaye alivuka ziwa Tanganyika, akafika mto Lualaba, akakaa Kasongo. Mwaka 1876 Mwingereza Stanley alikutana naye katika nchi ya Maniema. Alistaajabu kumwona mtu katikati ya bara amevaa nguo nyeupe pe, zisizo na doa, na jambia lenye fedha kiunoni.

Lakini nguo hizo zilifikaje huko? Hapakuwa na gari wala reli. Kutoka pwani mpaka Kisangani ni zaidi ya kilometa 1,500. Majora ya kitambaa yalichukuliwa na wapagazi, kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi. Safari ilidumu miezi mingi, na wengine walikufa njiani. Pembe za ndovu zilirudi pwani kwa njia ile ile, na pamoja nazo watumwa waliofungwa minyororo. Vijiji vilichomwa moto; mama na watoto wao walitenganishwa. Tippu Tip alikuwa hodari na mwenye akili, lakini mali yake ilitoka katika machozi hayo.

Mwaka 1887 mfalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji alimfanya liwali wa Stanley Falls, penye maporomoko ya Wagenya, ndipo Kisangani ya leo. Watu wake waliitwa Waungwana. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Kongo, hata watu waliotekwa walipokuwa wadogo. Walijifunza Kiswahili, wakalima mpunga, wakavaa kanzu na kofia kama watu wa pwani.

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka, asirudi tena. Miaka miwili baadaye vita vilizuka kati ya Waarabu na serikali ya Leopold. Sefu, mwana wake, aliuawa mwaka 1893. Mwaka 1894 utawala wa Waarabu katika Kongo ulikuwa umekwisha. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu chake kikapigwa chapa. Alikufa Unguja mwaka 1905.

Bunduki zake zimenyamaza, na pembe zake zimetawanyika duniani. Lakini Waungwana walibaki. Mpaka leo Kiswahili chasemwa Kisangani, mchele huliwa, na siku za sikukuu Waislamu wa mji huvaa kanzu nyeupe na kofia.

Tukimwona mzee amevaa kanzu iliyotariziwa vizuri, na tuisifu kazi ya fundi, maana sindano haikumdhuru mtu. Tena tuwakumbuke wapagazi na watumwa. Majina yao hayakuandikwa kitabuni, lakini wao ndio walioubeba ule mzigo.