Mkwawa na Tumaini la Wafu
Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani huko Lugalo, karibu na Iringa, mwaka 1891. Ngome yake ya Kalenga ilipotekwa mwaka 1894, alipigana porini hata mwaka 1898. Askari waliomwinda walipomkaribia, akajiua. Wakakitwaa kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini Kalenga haikulipokea ila mwaka 1954. Miaka 56 jamaa zake waliningojea fuvu la mfu mmoja! Hukumu ya roho yake twamwachia Mungu. Bali sisi tunaosadiki ufufuko wa miili, mbona twachoka upesi kungoja? Wapenzi wetu waliolala makaburini Mungu hamsahau hata mmoja. Basi tuwaombee kwa matumaini.