Maisha ya Anselm, Askofu Mkuu Aliyekaa Uhamishoni Mara Mbili

Safari hii tunawaletea habari za Anselm, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1033 huko Aosta, mji wa milimani ambao leo uko Italia. Mwaka 1060 akawa mtawa katika monasteri ya Bec, Normandy, na mwaka 1078 akafanywa abate. Alikuwa mwalimu mpole, mtu wa sala na vitabu.

Ili tuelewe taabu zake, tujue kwanza nchi ilivyoendeshwa. Ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme. Aliwagawia wakubwa, nao wakapiga magoti, wakaweka mikono yao ndani ya mikono yake na kuapa kuwa watu wake. Kwa ardhi hiyo walimtolea askari wapanda farasi. Chini kabisa walikuwa wakulima, wengi wao bila ruhusa ya kuhama shamba la bwana. Kanisa nalo lilikuwa na mashamba makubwa, kwa hiyo maaskofu pia walidaiwa askari. Canterbury peke yake ilidaiwa 60. Basi mfalme alimwona askofu kuwa mtumishi wake, akamkabidhi yeye mwenyewe pete na fimbo ya uchungaji. Askofu akifa, mapato yalimwendea mfalme mpaka apatikane mwingine, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Askofu mkuu Lanfranc alipofariki mwaka 1089, mfalme William wa Pili alikiacha kiti wazi karibu miaka minne, akila mapato.

Mwaka 1093 mfalme akaugua, akaogopa kufa, akamchagua Anselm. Anselm akakataa, maaskofu wakamsukumia fimbo mkononi huku amekunja vidole. Mfalme akapona, na toba yake ikaisha. Alitaka fedha. Anselm akatoa pauni 500, mfalme akaziona kidogo, basi zikagawiwa maskini. Mwaka 1097 mfalme akalalamika kwamba askari waliotoka kwa Anselm kwenda vita vya Wales hawafai. Anselm akaamua kwenda kwa Papa. Pale Dover, mzee wa miaka 64 hivi, mjumbe wa mfalme alimfungulia mizigo ufukoni mbele ya watu, akitafuta fedha. Hakupata kitu. (Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa upekuzi wa namna hiyo.) Mashamba yake yakachukuliwa.

Huko Italia, mwaka 1098, alimaliza kitabu chake kikubwa kinachoeleza kwa nini Mungu alifanyika mtu.

William aliuawa kwa mshale mawindoni mwaka 1100. Ndugu yake, Henry wa Kwanza, akamwita Anselm arudi na kumtaka aape. Lakini mwaka 1099 baraza la Roma, Anselm akiwepo, lilikuwa limekataza makasisi kupokea vyeo mikononi mwa watawala na kuwaapia. Akakataa. Mwaka 1102 baraza lake la Westminster lilikataza kuuza watu kama wanyama; sisi tunaliona hilo kubwa kuliko ugomvi wote wa pete. Mwaka 1103 akaondoka tena, akakaa zaidi Lyon, Ufaransa, mpaka 1106.

Mwaka 1107 wakapatana: mfalme aliacha kutoa pete na fimbo, maaskofu wakaendelea kumwapia kwa ajili ya ardhi. Anselm alifariki tarehe 21 Aprili 1109. Henry akakiacha kiti wazi mpaka mwaka 1114, na mapato ya Canterbury yakamwendea mfalme.