Mackinnon: Tajiri wa meli aliyeshindwa na bara

MSAFIRI atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita mji mdogo wa Mackinnon Road kabla ya kufika Voi. Jina hilo ni kumbukumbu ya Mskoti aliyetajirika baharini na kupata hasara nchi kavu.

William Mackinnon alizaliwa mwaka wa 1823 huko Campbeltown, mji wa bandari nchini Scotland. Alianza maisha kama mfanyakazi wa duka. Mwaka wa 1847 alikwenda India na kushirikiana kibiashara na Robert Mackenzie, mtu wa kwao, na mwaka wa 1856 wakaanzisha kampuni ya meli za kwenda Burma. Kuanzia 1862 kampuni hiyo iliitwa British India.

Nguvu yake haikuwa meli pekee. Serikali ilimlipa kusafirisha barua, na malipo hayo yaliingia hata meli ilipokwenda nusu tupu. Hivyo kila njia mpya ilianza gharama zake zikiwa zimepunguzwa tayari. Kwa mtindo huo alifika Ghuba ya Uajemi na, mwaka wa 1872, Zanzibar, ambako biashara ilikuwa imezoea kungoja pepo za kaskazi na kusi.

Sultani Barghash alimkodisha pwani mwaka wa 1887, na mwaka uliofuata Malkia Victoria akaipa kampuni yake mpya, Imperial British East Africa, hati ya kutawala. Kampuni ilichonga hata rupia zake zenye jina la Mombasa. Mtaji wa kuanzia, takriban pauni 250,000, ungetosha kwa biashara ya pwani. Kwa kutawala nchi hadi Ziwa Victoria ulikuwa kidogo mno.

Bara hakukuwa na bandari wala malipo ya barua. Mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi kwa miezi kadhaa, na ni pembe za ndovu tu, au bidhaa chache za thamani kama hizo, zilizoweza kurudisha gharama. Kampuni ilijenga kituo Machakos mwaka wa 1889, na Desemba 1890 afisa wake, Frederick Lugard, akawasili Buganda. Kila hatua ilidai askari, chakula na mishahara. Reli ndiyo ingeokoa hali, lakini Mackinnon alitarajia serikali iigharimie kama ilivyogharimia meli zake, na msaada huo haukuja kwa wakati. Hapo ndipo hesabu yake ilipoharibika.

Mwaka wa 1891 kampuni iliamua kuondoka Uganda. Michango ya marafiki wa wamishonari iliichelewesha hadi mwisho wa 1892.

Mackinnon alifariki London, Juni 1893. Miaka miwili baadaye kampuni iliachia hati na mali yake kwa pauni 250,000, ingawa ilikuwa imekwisha kutumia zaidi ya hizo. Serikali ilianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Ziwa Victoria 1901.