Toros Roslin, mchoraji wa Injili
Mwarmenia Toros Roslin alinakili na kuchora Injili kwa mkono katika karne ya 13, ndani ya ngome ya Hromkla, kando ya mto Frati. Katolikosi Konstantino wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Armenia, aliishi humo na kumpa kazi. Vimebaki vitabu saba vyenye sahihi yake, vya 1256 hadi 1268. Dhahabu inang'aa, lakini nyuso ndizo zinazoshangaza: zina huzuni, zina hofu.

Hromkla ilitekwa na Wamamluki mwaka 1292. Injili ya Zeytun, ya 1256, iliokoka. Kurasa zake nane zilichanwa zikafika Marekani. Mwaka 2010 Kanisa lilishitaki makumbusho ya Getty. Mwaka 2015 Getty ilikiri kwamba ni mali ya Kanisa, nalo likaiachia kurasa hizo. Kitabu chenyewe kiko Yerevan.