Florey na dawa iliyoisha kabla ya mgonjwa kupona

PENISILINI inapotajwa, aghalabu wengi humkumbuka Alexander Fleming aliyeigundua jijini London mnamo 1928. Howard Florey husahaulika, ilhali ndiye aliyeongoza kundi lililoigeuza kuwa dawa ya kudungwa mshipani.

Florey alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka wa 1898. Alikwenda Oxford, Uingereza, kwa ufadhili wa Rhodes, na mnamo 1935 akawa profesa wa patholojia huko. Mnamo Mei 1940, yeye na wenzake, wakiwemo Ernst Chain na Norman Heatley, waliwaambukiza panya wanane bakteria hatari. Wanne walionyimwa dawa walikufa usiku huo huo. Waliopewa walipambazukiwa wakiwa hai.

Februari 1941 ikawa zamu ya binadamu. Polisi wa umri wa miaka 43, uso na kichwa vimejaa usaha, alidungwa penisilini katika hospitali ya Radcliffe. Siku chache baadaye homa ilishuka, akaanza kula. Kisha dawa ikaisha. Mkojo wake ulikuwa ukikusanywa na kupelekwa maabara ili penisilini iliyomo ichujwe na kurudishwa mwilini mwake, lakini haikutosha. Alifariki Machi 15.

Kutokana na uhaba huo, Florey aliwageukia watoto, ambao miili yao midogo ilihitaji dawa kidogo. Huenda uamuzi huu ukaonekana mkavu, ila hao walikuwa watoto ambao madaktari walikuwa wamekwisha kukata tamaa nao. Mvulana wa miaka 15, aliyeambukizwa baada ya kupasuliwa nyonga, alipona. Mwingine wa miaka minne alikuwa ameugua ukambi, kisha maambukizi yakaenea nyuma ya macho hadi kichwani. Alipodungwa dawa alipata nafuu, akaweza kuzungumza na kucheza. Ghafla mshipa ukapasuka ubongoni, akafa. Uchunguzi wa maiti ulibainisha kuwa maambukizi yalikuwa karibu kutoweka.

Florey hakungoja. Julai mwaka huo, yeye na Heatley walisafiri hadi Marekani kuwashawishi wenye viwanda waizalishe dawa hiyo kwa wingi.

Alitunukiwa Nobel mnamo 1945 pamoja na Fleming na Chain, na akafariki mnamo 1968. Nchini Kenya, kwa miaka mingi watoto wachanga wanaolazwa kwa maambukizi ya damu wamedungwa penisilini pamoja na gentamisini, kipimo kikikadiriwa kwa uzani wa mtoto.