Stephen Kalong Ningkan wa Sarawak: Waziri Kiongozi aliyeondolewa kwa barua

Wasomaji wengi huifahamu Malaysia kwa mpira, bati na mafuta ya mawese. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nchi hiyo ina sehemu mbili zinazotenganishwa na Bahari ya China Kusini, na kwamba sehemu ya pili imo katika kisiwa kikubwa cha Borneo. Huko liko jimbo la Sarawak, lenye ukubwa upatao kilomita za mraba 124,000, nchi ya mito mirefu ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa barabara kuu za wananchi, na ya misitu iliyowashangaza wataalamu wa dunia nzima. Ndiko alikozaliwa marehemu Stephen Kalong Ningkan, Waziri Kiongozi wa kwanza wa jimbo hilo. Alitawala kwa muda wa miaka 3 tu. Hata hivyo jina lake halijatoka katika vitabu vya sheria mpaka leo, kwa sababu alisimama mahakamani kuuliza swali ambalo mataifa mengi yaliyojitawala katika miaka ya 1960, na ya Afrika yakiwamo, yalilazimika kuliuliza: kiongozi aliyechaguliwa, ni nani mwenye haki ya kumwondoa, na kwa njia gani?

Ningkan alizaliwa tarehe 20 Agosti 1920 huko Betong, kandokando ya mto Layar, katika kabila la Waiban, ambao ndio wengi zaidi katika Sarawak. Wakati huo Sarawak haikuwa koloni la serikali yoyote. Ilikuwa mali ya ukoo mmoja wa Kiingereza, ukoo wa Brooke, ambao wazee wake walijiita Rajah na kuitawala nchi kwa kurithishana tangu mwaka 1841. Mwaka 1946 Rajah wa mwisho aliikabidhi kwa Serikali ya Uingereza, na raia wake wakaamka wakiwa watu wa koloni.

Kijana Ningkan alisoma katika shule ya misheni ya hapo Betong. Akawa askari wa polisi, kisha mwalimu, na baadaye akavuka mpaka kwenda Brunei, akafanya kazi katika hospitali ya kampuni ya mafuta huko Kuala Belait. Miaka ile ya ugenini ndiyo iliyomfanya mwanasiasa. Wadayak wengi, yaani Waiban pamoja na makabila ya jirani zao, walikuwa wakitoka vijijini kwenda kutafuta mshahara katika visima vya mafuta. Ningkan akawaunganisha katika chama chao cha kusaidiana na kukiongoza. Aliporudi nyumbani alikuwa amekwisha kujua kuendesha mkutano, kuandika barua kwa wakubwa, na kubishana nao.

Mnamo Aprili 1961 yeye na wenzake waliunda Chama cha Taifa cha Sarawak, kilichojulikana kwa kifupi SNAP. Nguvu yake ilikuwa katika nyumba ndefu za Waiban. Nyumba ndefu ni kijiji kizima chini ya paa moja. Kila familia ina chumba chake, na mbele ya vyumba vyote imepita baraza moja ndefu. Hapo ndipo mashauri yanapokatwa, wageni wanapopokewa na sikukuu zinapofanyika, chini ya usimamizi wa mzee wa nyumba. Mwanasiasa aliyetaka kura alipaswa kupanda mtoni kwa mashua siku nzima, pengine siku mbili, akae barazani hapo usiku kucha, anywe alichopewa, na ajibu maswali ya wazee hadi alfajiri. Ningkan, mtu mwenye sauti na maneno makali, aliiweza kazi hiyo.

Uchaguzi wa mwaka 1963 ulifanywa kwa ngazi. Wananchi walipiga kura ya kuchagua madiwani wa wilaya tu. Madiwani hao wakachagua mabaraza ya mikoa, mabaraza ya mikoa yakachagua Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, liitwalo Council Negri, nalo likateua wabunge wa kwenda Kuala Lumpur. Mzee wa nyumba ndefu alipiga kura mara moja, kisha kura yake ikapanda ngazi zilizobaki bila yeye. Ngazi hizo zilipokwisha kupandwa, SNAP na vyama alivyoungana navyo vikapata wingi, na tarehe 22 Julai 1963 Ningkan akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 16 Septemba mwaka huo huo Sarawak ikaingia katika shirikisho jipya la Malaysia.

Ugomvi wake na Serikali ya Shirikisho haukuchelewa. Ningkan aliuchukua mkataba wa shirikisho kama ulivyoandikwa. Uliruhusu Kiingereza kiendelee kutumika kwa miaka 10 katika majimbo ya Borneo, naye hakutaka kuharakishwa kutumia Kimalay. Aliwaacha maofisa Waingereza katika vyeo vyao mpaka wenyeji watakapofundishwa vya kutosha. Huko Kuala Lumpur mambo haya yalionekana kuwa ni ukaidi, tena yakaonekana hatari zaidi baada ya Singapore kutoka katika shirikisho tarehe 9 Agosti 1965.

Lakini jambo lililomtikisa kwanza ndani ya jimbo lake lilikuwa ardhi. Kwa desturi ya Waiban, anayefyeka msitu mkubwa kwa mara ya kwanza ndiye mwenye haki juu ya shamba hilo, yeye na wazao wake, hata kama ameliacha lipumzike miaka mingi ili msitu urudi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1958 iliitambua haki hiyo kwa mashamba yaliyofyekwa kabla ya tarehe 1 Januari 1958. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kufyeka na kudai bila kibali. Tena ardhi ya wenyeji haikuweza kuuzwa kwa wasio wenyeji, hasa Wachina, ambao wengi wao walikuwa wakulima na wafanyabiashara wasiokuwa na ardhi ya kutosha.

Mwaka 1965 serikali ya Ningkan ilipeleka barazani miswada ya kumwezesha mwenyeji kupata hati kamili ya shamba lake. Mwenye hati angeweza kukopa kwayo, na angeweza pia kuuza kwa amtakaye. Waliounga mkono walisema kwamba mkulima asiye na karatasi hana kitu mbele ya serikali. Waliopinga walisema kwamba mkulima maskini mwenye karatasi ataiuza karatasi hiyo kwa deni la mwaka mmoja wa njaa. Kwa maoni ya mwandishi huyu pande zote mbili zilisema kweli, na kosa la Ningkan lilikuwa ni kwenda haraka katika jambo ambalo wazee wa barazani walihitaji miaka kulitafakari. Vyama washirika wake vilimgeuka, na mwezi Mei aliiondoa miswada hiyo ili kuinusuru serikali. Aliinusuru kwa mwaka mmoja.

Juni 1966 alimfukuza kazi mmoja wa mawaziri wake, kijana mwanasheria aitwaye Abdul Taib Mahmud, akimtuhumu kwamba anamchimba. Mawaziri wengine wakajiuzulu. Wajumbe wa vyama washirika wakasafiri kwenda Kuala Lumpur, na ikatoka barua yenye sahihi za wajumbe 21 kati ya 42 wa Council Negri, yaani nusu kamili, wakisema hawana tena imani na Waziri Kiongozi. Baraza lilipokutana tarehe 14 Juni, waliotia sahihi hawakuhudhuria, wala hakuna aliyeleta hoja ya kumwondoa. Ningkan alikataa kujiuzulu. Alishikilia kwamba imani ya baraza hupimwa ndani ya baraza, kwa kura, mbele ya macho ya watu. Tarehe 17 Juni Gavana alimwondoa na kumteua Penghulu Tawi Sli, Mwiban mwenzake.

Ningkan akaenda mahakamani, na hapo ndipo Afrika ilipoingia katika kisa hiki. Upande wa serikali ulitegemea kesi iliyotoka Nigeria ya Magharibi. Huko, mnamo Mei 1962, Gavana alimwondoa Waziri Kiongozi, Samuel Akintola, baada ya kupokea barua iliyotiwa sahihi na wengi wa wajumbe. Kesi hiyo ilifika London kwenye Baraza la Faragha la Malkia, ambalo mwaka 1963 liliamua kwamba Gavana alikuwa na haki ya kuitegemea barua ile. Swali likawa: je, yaliyofaa Ibadan yafaa Kuching? Tarehe 7 Septemba 1966 Jaji Harley wa Mahakama Kuu ya Kuching alijibu kwamba hayafai. Maneno ya Katiba ya Sarawak, alieleza, si sawa na yale ya Nigeria ya Magharibi. Katika Sarawak imani hupotea kwa kura ya baraza, na Gavana hakupewa uwezo wa kumfukuza Waziri Kiongozi. Ningkan akarudi ofisini kwake.

Alikaa humo kwa muda usiotimia wiki 3. Alitaka Council Negri ivunjwe na wananchi waulizwe upya, na hata chama kikuu cha upinzani cha wakati ule, SUPP, kilitaka uchaguzi. Badala yake, katikati ya Septemba, Serikali ya Shirikisho ilitangaza hali ya hatari katika Sarawak. Ikumbukwe kwamba vita vya mpakani baina ya Malaysia na Indonesia vilikuwa vimekwisha kwa mapatano mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Serikali ilitaja hatari ya wakomunisti walioko msituni, na kweli walikuwako. Lakini walikuwako pia mwezi wa Juni, na hakuna aliyetangaza hatari. Tarehe 19 Septemba Bunge la Kuala Lumpur lilibadili Katiba ya Sarawak ili Gavana aweze kuita baraza mwenyewe. Baraza likaitwa tarehe 23, likapiga kura ya kutokuwa na imani, na kesho yake Ningkan akaondolewa kwa mara ya pili. Safari hii barua haikuhitajika. Alikata rufani hadi London na akashindwa mwaka 1968.

Basi kikaanza kipindi cha upinzani. Uchaguzi wa kwanza ambao wananchi wa Sarawak waliwachagua wajumbe wao moja kwa moja ulianza Mei 1969, ukasimamishwa kwa sababu ya machafuko ya Kuala Lumpur ya tarehe 13 Mei, ukamaliziwa katikati ya mwaka 1970. Masanduku ya kura yalisafiri kwa mashua kutoka nyumba ndefu moja hadi nyingine, na upigaji kura ulichukua wiki kadhaa. SNAP, bila fedha ya serikali wala magari yake, ilipata viti 12 kati ya 48 vya jimbo na viti 9 kati ya 24 vya Bunge. Mwaka 1974 ilipanda hadi viti 18 vya jimbo. Ushindi huo haukumfaa Ningkan mwenyewe, kwani uongozi wa chama ulipita kwa James Wong, aliyekuwa naibu wake serikalini, naye mwaka huo huo akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1976 SNAP iliingia katika umoja wa vyama vinavyotawala. Upinzani ambao ulikuwa umeota mizizi katika mito ya Saribas ukanyamaza.

Si haki kumfanya Ningkan mtetezi wa misitu. James Wong alikuwa mfanyabiashara wa magogo, na katika miaka ya 1980 ndiye aliyekuja kuwa waziri wa mazingira wa jimbo akiwa bado na kampuni ya kukata miti. Lakini tangu mwaka 1970 ugavi wa vibali vya magogo ulikuwa mikononi mwa mawaziri viongozi wawili waliofuatana, Rahman Ya'kub na mpwa wake, Taib Mahmud, yule yule aliyefukuzwa kazi mwaka 1966. Wawili hao walipogombana mwaka 1987, kila mmoja alitoa hadharani orodha ya vibali ambavyo mwenzake aliwapa ndugu na marafiki, na kila orodha ilizidi hekta milioni 1. Mwaka huo huo Wapenan wa bonde la Baram, watu wa kuwinda na kuokota matunda ya mwituni, walijipanga barabarani kuyazuia magari ya magogo. Serikali ilibadili Sheria ya Misitu na kuifanya hatua hiyo kuwa jinai. Aliyewasaidia, Harrison Ngau, alitiwa kizuizini, kisha mwaka 1990 akagombea kiti cha Bunge cha Baram bila chama na akashinda. Haki ya desturi isiyo na karatasi, ile iliyobishaniwa mwaka 1965, ndiyo iliyokuwa ikipigwa na misumeno.

Ningkan aliyaona hayo yote akiwa mzee asiye na cheo. Alifariki tarehe 31 Machi 1997, akiwa na umri wa miaka 76. Chama alichokianzisha kilifutwa katika daftari la vyama baada ya kesi ndefu iliyomalizika mwaka 2013.

Kesi yake ilikuwa na siku moja zaidi. Mwaka 2009 serikali ya vyama vya upinzani katika jimbo la Perak, upande wa pili wa bahari, iliangushwa bila kura ya baraza. Kiongozi wake, Nizar Jamaluddin, alikwenda mahakamani akiwa na hukumu ya Jaji Harley mkononi, na Mahakama Kuu ikampa haki. Tarehe 9 Februari 2010 mahakama ya juu kabisa ya Malaysia iliamua kinyume: kupotea kwa imani kwaweza kuthibitishwa hata nje ya baraza. Kuhusu jambo hilo majaji walifuata njia ya kesi ya Akintola.